Ncha Mbili za Waya

Theodore Reunert hakwenda Johannesburg kuchimba dhahabu. Alikwenda kuuza mashine. Mwaka 1888, mji ukiwa na umri wa miaka miwili tu, yeye na mwenzake Otto Lenz walianzisha kampuni ya uhandisi ya kuwauzia wenye migodi vifaa vyao. Biashara ikanyooka. Mwaka 1896 akajengewa Windybrow, jumba la mtindo wa Kiingereza lenye mbao za mapambo ukutani, kwenye mwinuko unaoitazama Doornfontein. Jumba lingalipo. Siku hizi ni kituo cha sanaa, limebanwa na maghorofa ya Hillbrow pande zote.

Doornfontein ya wakati huo ulikuwa mtaa wa wakubwa. Kabla ya dhahabu lilikuwa shamba la Makaburu wa ukoo wa Bezuidenhout. Dhahabu ilipopatikana shamba likakatwa viwanja, na matajiri wa migodi wakajenga hapo kabla ya kuhamia Parktown. Barabara yake kuu mpaka leo inaitwa Beit, kwa jina la tajiri Alfred Beit. Watu wa mpira wanaujua mtaa huu kwa uwanja wa Ellis Park. Mimi nauandika kwa sababu nyingine. Kila kiwanda cha kisasa kina waya mwembamba unaotoka kwenye tangi, pampu au tanuru na kuishia kwenye moduli ya kiolesura, kile kisanduku kidogo kwenye paneli kinachopokea ishara ya umeme na kuifanya tarakimu ambazo kompyuta inazielewa. Waya huo una historia ya kiufundi, na una historia ya nani aliruhusiwa kuufunga. Zote mbili zinaweza kusimuliwa bila kwenda mbali na Doornfontein.

Mwanzoni waya haukuwepo. Mawe ya juu ya Witwatersrand, ukanda wa dhahabu wa Johannesburg, yalikuwa yamelainishwa na hewa na mvua, na dhahabu yake ilishikwa na zebaki bila tabu. Kufikia 1889 wachimbaji walikuwa wamelifikia jiwe gumu la chini lenye pairiti, na hapo zebaki ikashindwa kazi. Dhahabu ilionekana kwenye vipimo lakini haikutoka kwenye jiwe, na hisa za migodi zikaporomoka. Kilichouokoa mji ni sumu. Mwaka 1890 njia ya sianidi, iliyobuniwa Glasgow na John Stewart MacArthur pamoja na ndugu wawili wa ukoo wa Forrest, ilijaribiwa kwenye mgodi wa Salisbury hapo Johannesburg, ikafanikiwa. Jiwe lililosagwa linawekwa kwenye tangi la maji yenye sianidi hafifu, dhahabu inayeyuka, maji yanapitishwa kwenye nyuzi za zinki, na dhahabu inaganda tena.

Kwa njia hiyo mgodi uligeuka kuwa kiwanda cha kemia. Jiwe ulilipasua ukalipandisha juu, likaisha. Tangi halishughulikiwi hivyo. Linahitaji kuangaliwa usiku na mchana. Sianidi ikipungua, dhahabu inabaki kwenye mchanga na kutupwa nayo. Ikizidi, pesa inamwagika. Chokaa nayo lazima iwepo ya kutosha, maana maji yakianza kuwa na asidi, sianidi inageuka gesi inayoua. Vipimo vilichukuliwa kwa miguu: mtu alizunguka na chupa, akarudi chumbani, akadondoshea naitreti ya fedha tone kwa tone mpaka maji yakaanza kuwa na ukungu, akahesabu, akaandika daftarini, kisha akatuma mtu akafungue valvu. Valvu inapofunguliwa, hali ya tangi imeshabadilika. Kwa kawaida mwenye chupa na daftari alikuwa Mzungu, na mwenye mkono kwenye valvu alikuwa Mwafrika. Mgawanyo huo ulidumu kuliko tangi lolote.

Umeme ulifika kwa wingi pamoja na kampuni yenye jina la ajabu. Victoria Falls Power Company iliandikishwa mwaka 1906 kwa ndoto ya kuvuta umeme kutoka maporomoko ya mto Zambezi hadi Witwatersrand, umbali wa takriban kilomita elfu moja. Wahandisi walipopiga hesabu wakaiacha ndoto wakabaki na jina, kwa sababu makaa ya mawe yalikuwa tele jirani. Wakajenga vituo vya mvuke Brakpan, Simmerpan, Rosherville na Vereeniging, na mbali ya umeme wakawauzia wenye migodi hewa iliyoshindiliwa, ikisafiri kwenye mabomba kama maji ya manispaa. Mwaka 1948 shirika la umeme la serikali, Escom, liliinunua kampuni nzima kwa pauni milioni 14.5. Simmerpan, huko Germiston, ndiko kiliko hadi leo chumba cha taifa cha kuendesha gridi.

Umeme ulipoingia kwenye winchi, pampu na vinu, swali la nani ashike swichi likawa swali la sheria. Sheria ya Migodi na Mitambo ya 1911 iliipa serikali mamlaka ya kutunga kanuni za vyeti vya ustadi, na kanuni hizo zikaiweka orodha ndefu ya kazi mikononi mwa Wazungu peke yao. Bei ya dhahabu iliposhuka, mwezi Desemba 1921, Chama cha Wenye Migodi kikatangaza kuwa kingewaondoa Wazungu wapatao 2,000 wenye ustadi wa kati na kuwaweka Waafrika wa mshahara mdogo. Hakikusukumwa na haki. Kilisukumwa na gharama. Januari 1922 wafanyakazi Wazungu wa migodi, wa karakana za uhandisi na wa vituo vya umeme wakagoma. Machi mgomo ukawa vita. Waziri Mkuu, Jenerali Smuts, alitangaza sheria ya kijeshi, ndege za serikali zikadondosha mabomu juu ya vitongoji vya Witwatersrand, na Ellis Park hapo Doornfontein wagomaji wakakishambulia kikosi cha Imperial Light Horse na kuua askari kadhaa.

Wagomaji walishindwa barabarani wakashinda bungeni. Mwaka 1923 mahakama iliamua kwamba kanuni za ubaguzi zilizotungwa chini ya sheria ya 1911 hazikuwa na nguvu kisheria. Serikali mpya, iliyoingia kwa kura za haohao wafanyakazi Wazungu, ikaziba pengo hilo kwa sheria ya 1926. Sheria hiyo inashangaza ukiisoma leo. Vyeti vingeweza kutolewa kwa Wazungu, kwa Machotara na Wamalei wa Rasi, na hata kwa Wakrioli wa Mauritius na watu wa kisiwa cha St Helena. Mwafrika aliyezaliwa hatua chache kutoka mgodini hakuwemo. Mhindi naye hakuwemo. Kabla ya hapo, sheria ya uanagenzi ya 1922 ilikuwa imeshataka kijana awe amemaliza darasa la sita kabla ya kuandikishwa kujifunza ufundi, katika nchi ambayo shule za Waafrika zilizofika darasa hilo zilikuwa chache. Mlango mmoja ulifungwa kwa rangi, mwingine kwa cheti, na ufunguo ulikuwa mmoja.

Wakati huo Doornfontein ilikuwa imebadilika. Matajiri walikuwa wamekwenda, Wayahudi wahamiaji kutoka Lithuania na kwingineko wamejenga sinagogi na maduka, na nyuma ya nyumba kukajaa yadi za vyumba vya kupanga. Moja ilikuwa Rooiyard. Mwanaanthropolojia Ellen Hellmann aliichunguza mwaka 1933 na 1934 akakuta vyumba 107 kwenye uwanja mmoja. Wanaume walifanya vibarua mjini. Wanawake walipika pombe, kwani mishahara ya wanaume peke yake isingeilisha yadi. Kila siku polisi walikuja kusaka, kwa hiyo pombe ilichacha kwenye madebe yaliyofukiwa ardhini. Mama wa Rooiyard alijua joto la udongo, alijua saa ngapi hamira imefanya kazi, alijua kwa harufu debe lipi limeiva na lipi lingemletea matata. Kwa maana yoyote ya uhandisi huo ulikuwa uendeshaji wa mchakato, tena mgumu kuliko wa tangi la sianidi, kwa sababu tangi halikimbizwi na polisi. Haukutambuliwa na chuo chochote. Baadaye yadi zikabomolewa na watu wakapelekwa Orlando. Modikwe Dikobe, aliyeijua Doornfontein ile, aliiandikia riwaya yake The Marabi Dance, iliyotoka 1973.

Waliokuwa kwenye ncha ya chini ya mfumo huu hawakuwa wa Afrika Kusini peke yao. Wazee wa Rungwe na Kyela, huko Tanzania, wanalijua neno Wenela, jina la mtaani la WNLA, shirika lililoundwa mwaka 1900 kuajiri vibarua wa migodi ya Witwatersrand. Vijana wa Kinyakyusa walikwenda kwa mikataba, wakajifunza Kifanakalo, lugha ya mgodini iliyojaa amri, na wakarudi na mablanketi, baiskeli na mahari. Walijua mashine za mgodi kwa sauti zao. Cheti cha kuzigusa ndani hawakukipata. Tanganyika huru ilikomesha uajiri huo mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Huku nyuma ishara ilikuwa imepata njia ya kusafiri bila miguu. Kizazi cha kwanza kilikuwa cha hewa. Kipimo kwenye tangi kiliisukuma hewa ndani ya bomba jembamba la shaba, na ukubwa wa shinikizo ndio uliobeba habari: paundi 3 kwa inchi ya mraba maana yake sifuri, paundi 15 maana yake limejaa. Mfumo huo ulikuwa salama penye gesi za kulipuka, ndiyo maana viwanda vya mafuta viliupenda, lakini ulikuwa mzito, kwani hewa huchelewa njiani na bomba likiwa refu sindano ya chumbani inasimulia habari za nyuma. Kizazi cha pili kikawa cha umeme, na katika miaka ya 1970 dunia ikakubaliana juu ya miliampea 4 hadi 20.

Kuanza na 4 badala ya 0 kulikuwa busara kubwa. Tangi tupu linapeleka 4, tangi nusu linapeleka 12, tangi lililojaa linapeleka 20. Ukiona 0, tangi halina neno, waya umekatika. Hitilafu inajitambulisha yenyewe. Tena kwa kuwa kinachobebwa ni mkondo na si volti, waya wa mita 300 unatoa jibu lilelile la waya wa mita 3.

Kazi ya kuunga waya huo ni ya mikono, na inastahili kutazamwa kwa karibu. Kebo inaingia paneli kwa chini kupitia glandi ya shaba iliyokazwa ili panya, vumbi na maji visipite. Fundi anachuna ganda la nje, anaukuta wavu wa shaba unaozunguka jozi ya waya zilizosokotwa. Wavu anausokota pembeni kwa uangalifu, kwa sababu utaunganishwa na ethi upande mmoja tu, huu wa paneli. Upande wa tangini unakatwa na kufunikwa. Ukiunganishwa na ethi pande zote mbili, tofauti ndogo ya volti kati ya ardhi ya tangini na ardhi ya chumbani itapitisha mkondo kwenye wavu, na kile kilichowekwa kuzuia kelele kitakuwa ndicho kinachoileta. Kisha kila waya unachunwa kiasi cha urefu wa kucha, unavalishwa kikofia cha shaba, unabanwa kwa koleo maalumu, na unavutwa kidogo kwa vidole. Ukichomoka sasa ni bahati. Ungechomoka usiku wa manane. Waya wenye alama ya kujumlisha unakwenda terminali yake, wa kutoa ya kwake, skrubu inakazwa kwa kipimo na si kwa hasira, na kila ncha inavishwa namba inayofanana na ya mchoro. Namba ndiyo inayosahauliwa na wavivu. Paneli isiyo na namba inafanya kazi vizuri kabisa mpaka siku itakapoharibika.

Kutoka terminali, waya mfupi unaingia kwenye moduli yenyewe, ambayo mara nyingi ina njia nane. Ndani yake mkondo unapitishwa kwenye kizuio cha omu 250 na kuwa volti 1 hadi 5, volti inapimwa, na kipimo kinageuzwa namba. Kwenye moduli nyingi kati ya upande wa tangi na upande wa kompyuta hakuna waya unaoendelea: habari inavuka kwa mwanga, kutoka taa ndogo hadi jicho dogo, ili radi ikipiga nje isiingie ndani.

Radi huko si mzaha. Uwanda wa juu wa Johannesburg unapata dhoruba nyingi kila kiangazi, na si bahati nasibu kwamba uchunguzi mkubwa wa radi ulifanyika hapo. Basil Schonland alizipiga picha kwa kamera zenye lenzi zinazozunguka, akaonyesha jinsi mpasuko unavyoshuka kwa hatua hatua kabla ya mwako mkubwa kupanda juu. Taasisi aliyoiongoza katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand ilibeba jina la Bernard Price, mhandisi mkuu wa ile kampuni ya Victoria Falls, aliyeifadhili. Mtu wa umeme alikuwa na sababu ya kulipia elimu ya radi. Paneli za Witwatersrand mpaka leo zina safu ya vizuizi vya radi kabla ya moduli, na fundi anayeviruka ili kuokoa pesa anaokoa mpaka Novemba.

Upande wa kompyuta nao ulikuwa ukibadilika. Kufikia 1969 kampuni ya Bedford Associates ya Massachusetts, alikokuwako Dick Morley, ilikuwa imeshatengeneza Modicon 084, kontrola iliyochukua nafasi ya makabati ya rilei katika viwanda vya magari. Mwaka 1975 Honeywell ilitoa TDC 2000 na Yokogawa ikatoa CENTUM, mifumo iliyougawa udhibiti wa kiwanda kizima kati ya kompyuta nyingi ndogo. Afrika Kusini ilivihitaji vitu hivi upesi, kwani Sasol, iliyoanza kutengeneza petroli kwa makaa ya mawe huko Sasolburg mwaka 1955, ilikuwa inajenga viwanda viwili vikubwa zaidi Secunda, na nchi iliyoogopa vikwazo vya mafuta haikujibana. Maelfu kwa maelfu ya waya, kila mmoja na ncha zake mbili.

Utaratibu wa kazi katika viwanda vingi ulikuwa uleule wa 1926, ukiwa umevaa nguo mpya. Kikosi cha Waafrika kilibeba roli za kebo, kikachimba mitaro, kikazivuta kwenye trei kwa kupokezana sauti. Wakifika mlango wa paneli, kazi ilibadilisha mikono; fundi mwenye cheti ndiye aliyefunga na kusaini. Aliyeitwa msaidizi mara nyingi alijua kufunga kama yeye, na akifanya hivyo fundi akiwa kwenye chai hakuna aliyeuliza, mradi saini iwe ya yule mwingine. Huo ndio ulaghai mkuu wa sheria za rangi kazini: ustadi haukuzuiwa, ulinyimwa jina na mshahara.

Kilichouvunja utaratibu huo ni uhaba wa mafundi Wazungu kwa upande mmoja, na migomo ya Waafrika tangu Durban 1973 kwa upande wa pili. Tume ya Wiehahn iliyoundwa 1977 ilipendekeza vyama vya wafanyakazi vya Waafrika vitambuliwe na kazi zifunguliwe. Sheria ya mafunzo ya 1981 ikafungua uanagenzi bila rangi. Migodi ilikuwa ya mwisho, kama ilivyotarajiwa. Neno la kisheria lililomwondoa Mwafrika kwenye vyeti lilifutwa kwa marekebisho ya 1987.

Doornfontein ikarudi kwenye hadithi kwa mlango wa shule. Chuo cha Ufundi cha Witwatersrand, kilichozaliwa 1925 kutoka kwenye mzizi mmoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kilipewa hadhi ya teknikoni mwaka 1979, kikiwa chuo cha Wazungu. Januari 2005 kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Rand Afrikaans kuwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Sehemu ya uhandisi ikawekwa kampasi ya Doornfontein, kwenye Barabara ya Beit. Leo ukipita hapo wakati wa mapumziko unasikia Kizulu, Kisotho, Kivenda, na ukitega sikio vizuri, Kiswahili cha Lubumbashi na cha Bukavu, maana Bertrams na Yeoville za jirani zimejaa Wakongo.

Vijana hao wanasomea ufundi ambao umetabiriwa kufa mara nyingi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilisemwa kwamba mitandao ya kidijitali kama Profibus ingeifuta miliampea 4 hadi 20. Haikuifuta. Viwanda vingine vina umri wa miaka arobaini, na hakuna meneja anayeng'oa waya mzima kwa sababu umepitwa na mitindo. Kinachofanyika ni kuvua moduli za zamani, kuweka mpya, na kuunga waya zilezile. Geita, Tanzania, ambako Ashanti ya Ghana ilianza kuzalisha dhahabu mwaka 2000 kabla ya kuungana na AngloGold ya Johannesburg, fundi wa ala anashika jozi ileile ya waya, na tangi lake lingali na sianidi na chokaa. Johannesburg kwenyewe milima ya mchanga iliyoachwa na karne ya kwanza ya uchimbaji, ukiwemo ule uliokuwa na sinema ya magari ya Top Star juu yake, imemwagiwa maji ya shinikizo na kuchujwa upya, kwa kuwa chembe zilizowaponyoka mababu sasa zinalipa.

Kabla kiwanda hakijawashwa kila waya unapimwa peke yake. Mmoja anasimama tangini na kifaa cha kutoa mkondo, mwingine chumbani mbele ya skrini, redio mkononi. Wa tangini anapeleka 4, anauliza. Wa chumbani anajibu sifuri. Anapeleka 12, nusu. Anapeleka 20, limejaa. Anachomoa waya kabisa, na skrini lazima ipige kelele. Fomu ya jaribio hilo ina nafasi mbili za saini, moja ya kila ncha, na isiyo na saini zote mbili hairuhusiwi kuingia kwenye jalada la kukabidhi kiwanda. Kiwanda cha wastani kina fomu mia kadhaa za namna hiyo, na kazi ya kuzijaza huchukua wiki.